Mji ukikua, mitaa haijiungi yenyewe: jibu kwa msomaji wa Goba

Swali: "Tumejenga Goba, Dar es Salaam. Shule ya mwanangu naiona nikiwa barazani. Ramani ya simu inasema iko mita 350 kutoka nyumbani, lakini kwa barabara ni kilomita 2.4, maana inabidi kutoka hadi barabara ya lami, kuzunguka, kisha kuingia tena upande wa pili. Kila siku ni bodaboda, kwenda na kurudi. Sasa mwenyekiti wa mtaa ametuomba sisi na jirani wa nyuma tuache njia ya mita 3 kabla hatujajenga ukuta. Mume wangu hataki. Anasema mji ukikua serikali italeta barabara yenyewe, na njia ya nyuma italeta wezi tu. Kwa nini Kariakoo kila mtaa unatokea mwingine na huku kwetu hakuna unaotokea popote? Na je, tuache hiyo njia?"

Dada yangu, nianze na la shemeji, maana wengi wanaliamini na linatugharimu sana. Hapana, mitaa haitajiunga kwa sababu mji umekua. Kinachoongezeka mji ukikua ni barabara kubwa: hupanuliwa, hutiwa lami, hujengewa madaraja ya juu. Vijia vidogo, vile vinavyoamua kama mtoto atatembea dakika 5 au atapandishwa bodaboda, huelekea upande mwingine kabisa. Unapohamia eneo la mashamba unapita popote, katikati ya mihogo na chini ya miembe, na hakuna anayekuuliza. Miaka 10 baadaye kila kijia kimekutana na ukuta. Watu wameongezeka, nyumba zimeongezeka, na njia zimepungua.

Kwa hiyo swali lako la Kariakoo ni zuri kuliko unavyodhani. Kariakoo haikuungana kwa sababu ni ya zamani au kwa sababu ina biashara. Iliungana kwa sababu mitaa yake ilichorwa kabla ya nyumba. Wajerumani waliipanga kwa miraba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916, eneo hilo likawa kambi ya kikosi cha wapagazi wa jeshi. Jina la kikosi hicho kwa Kiingereza, Carrier Corps, ndilo lililogeuka kuwa Kariakoo. Zikajengwa nyumba za Kiswahili, zile za ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Leo nyingi zimebomolewa na mahali pake pamesimama maghorofa ya maduka. Mtaa wa Congo, Sikukuu, Aggrey, Narung'ombe, yote iko palepale. Nyumba zimebadilika, wakazi wamebadilika, sheria za ardhi zimebadilika, mistari ya mitaa haijasogea.

Na si Kariakoo peke yake. London iliungua mwaka 1666, sehemu kubwa ya mji wa ndani ikawa majivu. Mbunifu Christopher Wren alipeleka kwa mfalme mchoro wa mji mpya wenye barabara pana zilizonyooka. Haukujengwa. Watu walirudi kwenye vipande vyao vya ardhi, na mji ukainuka kwa sehemu kubwa juu ya mitaa ileile iliyopinda. Moto unaweza kuchoma nyumba ila hauchomi mipaka ya viwanja. Mtaa ukishawekwa, au ukishakosekana, umekaa kwa vizazi.

Hapa niondoe kosa moja ambalo hata sisi wa mipango miji hulifanya: kudhani kuwa mtaa ulionyooka ndio mtaa ulioungana. Nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar. Vichochoro vyake vimepinda, vingine gari haliingii kabisa, lakini kwa mguu unatoka Malindi hadi Shangani kwa njia nyingi unazoweza kuchagua. Ukizibiwa huku unapita kule. Kinyume chake, kuna mitaa ya viwanja vilivyopimwa, barabara zimenyooka vizuri, na bado eneo zima lina mlango mmoja wa kuingilia na kutokea. Uzuri wa mchoro usikudanganye. Jiulize: nikisimama hapa, naweza kwenda pande ngapi?

Sasa Goba. Ili uelewe ukuta ulio nyuma ya nyumba yako, lazima uangalie jinsi Dar es Salaam ilivyotanuka. Sensa ya 1967 iliukuta mji una watu 272,821. Ya 2022 iliukuta mkoa una watu 5,383,728. Hiyo ni karibu mara 20 ndani ya miaka 55. Watu hao hawakujipanga kwa duara kuuzunguka mji. Walifuata mihimili minne: Barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu ambayo leo ni Nyerere, na ya Kilwa. Daladala ilipofika ndipo nyumba zilipofika. Kwa miongo mingi mji ulikuwa umenyoosha mikono minne mirefu, na katikati ya mikono hiyo yalibaki mashamba, mabonde na mashimo ya mchanga.

Kisha mapengo yakaanza kujazwa, na Goba ni moja ya mapengo hayo, kati ya Barabara ya Morogoro na ya Bagamoyo. Hatua hii ndiyo iliyoharibu mambo. Barabara kubwa inayoikata mihimili yote minne ni Mandela, kutoka Uhasibu kwenye Barabara ya Kilwa, kupitia TAZARA hadi Ubungo, kisha Sam Nujoma hadi Mwenge. Nje ya mstari huo barabara za kukatisha ni za kuhesabu. Ya Mbezi Mwisho kupitia Goba hadi Tangi Bovu ni mojawapo, na mnaona wenyewe inavyobeba mzigo wa eneo zima.

Ndani ya pengo, mji ulijengwa na wauza mashamba. Silaumu mtu, naeleza tu kazi ilivyokwenda. Mzee ana ekari 3. Anauza kipande cha mbele, halafu cha nyuma yake, halafu cha nyuma zaidi. Kila anapouza anaacha njia ya kutosha kumfikisha mnunuzi mpya kwenye kipande chake, basi. Hana sababu ya kuipenyeza hadi kwenye shamba la jirani, kwa sababu kila mita anayoiacha ni mita ambayo hakuiuza. Jirani yake naye anafanya hivyohivyo akianzia upande mwingine. Njia zinakua kama matawi ya mti: kila moja linagawanyika, linazidi kuwa jembamba, na ncha zake hazigusani kamwe na ncha za mti wa pili. Mpaka wa mashamba mawili, ambao zamani ulikuwa mstari wa minyaa tu, unageuka kuwa kuta mbili za tofali zilizopeana mgongo. Shule ya mwanao imo kwenye mti wa pili.

Ongeza na umbo la nchi yenyewe. Upande wenu ni wa miinuko na mabonde. Barabara hupita mgongoni mwa kilima, nyumba zikateremka hadi bondeni, na bondeni hakuna daraja. Kivuko cha miguu cha mita 10 kingewaunganisha watu mamia, lakini hakina mwenyewe: si cha mwenye shamba wa huku wala wa kule.

Na mipango ya serikali ilikuwa wapi? Mpango kabambe wa jiji wa 1979 ndio uliobaki wa mwisho kwa miongo mitatu na zaidi. Ulichorwa mkoa ukiwa na watu 843,090 kwa sensa ya mwaka uliotangulia. Kufikia sensa ya 2012 walikuwa 4,364,541. Yaani zaidi ya watu milioni 3 walitafuta pa kulala bila mchoro mpya wa jumla wa jiji. Hawakuvunja mpango. Mpango haukuwafikia.

Nikupe namna ya kupima, ili mkizungumza na shemeji muwe na namba. Kwanza, gawanya umbali wa barabara kwa umbali wa moja kwa moja. Wenu ni mita 2,400 kwa 350, karibu mara 7. Kwenye mitaa ya miraba kamili, hata ukienda kutoka pembe hadi pembe, mzunguko hauzidi mara 1.4 hivi. Pili, hesabu makutano. Kila njia inapoishia au kukutana na nyingine, hesabu mikono inayotoka hapo: isiyotokea ina 1, ya umbo la T ina 3, njia panda ina 4. Ukiona mtaa wako umejaa 1, umeshajua ugonjwa. Kazi hii inafanyika kwenye simu, hasa kwa kutumia ramani huria ambayo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa mingi ya Dar walianza kuichora mwaka 2015.

Kipimo cha tatu ni wingi wa mitaa. Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, linapendekeza kilomita 18 za mitaa kwa kila kilomita 1 ya mraba, na ardhi ya mitaa isipungue asilimia 30. Ukizipanga hizo kilomita 18 kwa miraba, utakutana na mtaa kila baada ya mita 110 hivi. Jaribu kutembea mita 110 kutoka getini kwako uone umekutana na nini.

Gharama ya kutounganika mnailipa tayari, ila hamjaiandika mahali pamoja. Bodaboda na bajaji zimestawi pembezoni si kwa sababu watu wamekuwa wavivu wa kutembea. Zimestawi kwa sababu safari ya mita 350 imefanywa kuwa ya kilomita 2.4. Nauli mnayotoa kila asubuhi ni ushuru wa ukuta. Halafu fikiria kila kaya ya mtaa wako ikitoka na gari au pikipiki: zote zinamwagika kwenye mlango mmoja, kwenye lami moja, saa moja asubuhi. Foleni ya barabara kuu huanzia huko ndani, kwenye safari fupi zilizokosa pa kupita. Ndiyo maana sishangilii sana upanuzi peke yake. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kuwa njia 8 kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, na ilihitajika. Lakini njia 8 hazimsaidii mtoto wa Goba kufika shuleni, na zinapokea safari nyingi ambazo zingeishia ndani ya kata.

Bomba la maji nalo hufuata njia. Njia isiyotokea ina bomba linaloishia, na likipasuka juu, wa chini wote wanakauka. Gari la zimamoto, gari la wagonjwa, la taka, yote yanahitaji kuingia na kutoka. Mvua za masika zikikata kalvati moja, eneo lenye njia tatu za kutokea linaendelea na maisha, eneo lenye moja linakuwa kisiwa. Hili la mvua nalisema kwa uchungu, kwa sababu ndilo linaloua watu, na kulizuia hakuhitaji fedha za kigeni wala mkandarasi mkubwa.

Je, inawezekana kufanya vingine kwa fedha zetu hizi? Jibu liko Sinza. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja katika maeneo yaliyokuwa karibu matupu, Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa hapa Dar, ikaweka mitaa na huduma za msingi, kisha ikawaachia watu wajenge wenyewe kwa uwezo wao. Wakati huohuo iliingia kwenye makazi yaliyokwisha kujengwa, Manzese ikiwemo, ikaboresha barabara na maji humohumo. Watafiti wa uchumi walilinganisha maeneo ya aina hizo katika miji 7 ya Tanzania miongo kadhaa baadaye. Walikopima mitaa kwanza walikuta nyumba kubwa zaidi, zilizopangika na zenye ubora zaidi. Kule kwenye uboreshaji wa baadaye hawakuona faida ya kudumu ya namna hiyo. Kwangu mimi hakuna ushahidi mzito kuliko huu katika suala zima la makazi yetu. Kilichodumu ni mstari wa mtaa. Lami iliyowekwa huisha, mabomba huoza, mstari uliopimwa kabla ya nyumba hubaki na huvuta mengine.

Wala usidhani ni ugonjwa wa nchi maskini. Marekani, yenye New York iliyochorwa kwa miraba mwaka 1811 na Chicago ya mitaa iliyonyooka, iliuacha mtindo huo kwa hiari yake. Radburn, New Jersey, mtaa ulioanza kujengwa mwaka 1929, uliupa umaarufu mtindo wa vijia visivyotokea, na katika miaka ya 1930 wakala wa serikali kuu uliodhamini mikopo ya nyumba ukaanza kuwapendekezea wajenzi mtindo wa namna hiyo. Watafiti Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball walipopima mitaa ya nchi nzima, waligundua kuwa mitaa mipya ilizidi kutounganika mwaka hadi mwaka hadi ikafika kilele mwaka 1994 hivi. Baada ya hapo mipya ikaanza kuungana tena, kwa sehemu kwa sababu baadhi ya miji ilibadili kanuni na kuwalazimisha wajenzi kuacha njia za kutokea. Zingatia: iliyobadilika ni mitaa mipya. Ile iliyojengwa vibaya mwaka 1980 iko vilevile hadi leo, na wenyewe ni matajiri. Walipopima dunia nzima waliona jambo hilohilo: mji huendelea kujengwa kwa mazoea ya mitaa uliyokuwa nayo.

Sasa wezi. Hofu ya shemeji si ya kudharau. Nairobi kuna mitaa mingi ambayo ilichorwa ikiwa wazi, kisha wakazi wakafunga mageti moja baada ya jingine kwa sababu waliibiwa kweli, na ukimwambia mtu aliyevunjiwa nyumba afungue geti kwa faida ya jiji hatakusikiliza. Lakini tofautisha njia ya gari na njia ya mguu. Anayekuja kubeba friji na televisheni anataka gari lake likaribie. Njia ya mita 3 yenye nguzo mbili katikati haipitishi gari. Inapitisha watoto, mama anayekwenda sokoni, mzee anayekwenda msikitini au kanisani, baiskeli na toroli la maji. Nguzo zikikaribiana vya kutosha hata bajaji haipiti. Uholanzi kuna mji uitwao Houten uliojengwa kwa wazo hilo tangu mwanzo: mwenye gari hutoka hadi barabara ya kuuzunguka mji ndipo aingie mtaa mwingine, mwenye baiskeli au mguu anakatisha moja kwa moja. Kwa hiyo mnaweza kukataa malori na kukubali watoto kwa njia hiyohiyo.

Linaloleta hatari zaidi ni njia nyembamba iliyobanwa na kuta ndefu pande zote mbili, isiyo na taa wala dirisha linaloitazama. Mita 3 ni afadhali sana kuliko mita 1 na nusu. Kama mtajenga ukuta, upande wa njia acheni sehemu ya juu iwe ya nondo au matundu ili ndani paonekane na nje paonekane, na wekeni taa moja kila upande. Njia inayopitwa na watu mchana kutwa mwizi huiogopa kuliko ile isiyo na mtu.

Kwa hiyo ndiyo, acheni njia. Lakini msiiache kwa mdomo, kwa sababu njia za mdomo hufa siku kiwanja kinapouzwa. Mnunuzi mpya anaonyeshwa mipaka ya kwenye karatasi, anaanza msingi, na wazee wa mtaa wanabaki wakishuhudia. Gawaneni hasara sawa, mita 1 na nusu kwenu na mita 1 na nusu kwa jirani, ili baadaye pasiwepo anayejiona alinyang'anywa. Andikishianeni kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti na mashahidi wa pande zote wakiweka sahihi, na kila mmoja abaki na nakala.

Kisha ulizeni kama urasimishaji, yaani kupima na kutambua rasmi makazi yaliyojengwa bila mpango, umefika mtaani kwenu au uko njiani. Hapo ndipo penye nguvu halisi, kwa sababu mchoro wa mipango miji ukishaidhinishwa na viwanja vikapimwa, njia yenu inakuwa njia ya umma na ni vigumu sana hati ya mtu kuimeza. Ubungo Darajani wakazi walijipanga wenyewe, wakachangia gharama na kukubaliana kuachia ardhi kwa ajili ya njia, na eneo lililokuwa limejengwa kiholela likapimwa. Kampuni ya upimaji ikibandika rasimu ya mchoro, msitazame kiwanja chenu tu kama wengi wafanyavyo. Tafuteni mahali njia zinapoishia kwenye mpaka wa mtaa mwingine, maana mara nyingi kila mtaa hurasimishwa kivyake na michoro miwili huweza kupeana mgongo kama zile kuta. Ombeni mkutano wa pamoja na mwenyekiti wa mtaa wa shule, na mwalimu mkuu aalikwe, kwa kuwa bila shaka si mwanao peke yake anayezungushwa.

Kama bondeni pana maji, kivuko kiombwe kupitia diwani kwa TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini ulioanza kazi 2017, lakini ombi likipelekwa njia ikiwa imekwisha kuandikishwa pande zote mbili lina uzito mwingine kabisa. Na msiweke msingi wa ukuta kabla mpimaji hajaweka bikoni, yaani alama za mipaka, kwenye pembe zile mbili za nyuma.